Iktisadi ya Ng'ambo na Karafuu za Nyumbani

Kila msimu wa karafuu unapokwisha, majamvi yakakunjwa na magunia ya mwisho yakapelekwa kituoni, wazee wa Pemba hupata nafasi ya kuhesabu kilichosalia mkononi, na hapo ndipo maneno ya safari za watoto huanza. Mara hii wasomaji wetu wawili watatu, wa Wete na wa Mkoani, wametuuliza jambo moja kwa namna mbali mbali. Kijana amefaulu mtihani wake wa kidato cha sita, naye ataka kwenda ng'ambo kusoma elimu ya uchumi. Je, hiyo ni elimu yenye manufaa? Si bora asome utabibu au uinjinia, kazi ambazo kila mtu huziona kwa macho yake? Na mmoja katika wao, mzee mwenye mikarafuu yake na wajukuu wake, ametuongezea kwa maneno makali kidogo kwamba ajuavyo yeye elimu hiyo ni elimu ya riba, wala haoni vipi mzazi Mwislamu atauza karafuu zake ili mwanawe akafundishwe riba.

Twawashukuru kwa kutuandikia. Jambo hili lagusa mfuko wa nyumba na dini ya nyumba kwa pamoja, nasi tumeonelea tulipe ukurasa wetu wote wa mwezi huu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Watu waliosoma Kiarabu waliiita elimu hii iktisadi, na asili ya neno hilo ni kwenda kwa kadiri, bila ya israfu na bila ya ubakhili. Siku hizi twasema uchumi, na kwa mtu wa Pemba neno hili halina haja ya kufasiriwa, kwani limetoka katika kuchuma. Mwenye kupanda juu ya mkarafuu na kamba yake na pakacha lake achuma. Mwenye duka Chake Chake achuma. Na mvuvi wa Wesha achuma vile vile. Elimu ya uchumi yauliza: huyu amechuma kiasi gani, kwa nini amechuma kiasi hicho na si zaidi, na kilichochumwa kimekwenda kwa nani. Mengine yaliyomo vitabuni, pamoja na michoro yake na hesabu zake, ni matawi ya maswali hayo matatu.

Wala si elimu iliyozaliwa Ulaya peke yake. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alieleza katika Muqaddima yake namna kazi za mikono ya watu zinavyoleta utajiri wa mji, na namna dola inavyoanza kwa kodi ndogo na mapato makubwa, kisha ikaishia kwa kodi kubwa na mapato madogo. Hayo aliyaandika mwaka 1377, yaani takriban miaka 400 kabla ya Adam Smith wa Scotland kutoa kitabu chake mwaka 1776. Basi kijana wetu anapokwenda kukaa mbele ya mwalimu wa ng'ambo asidhani kuwa yuaingia nyumba ya watu wengine mikono mitupu.

Ama kuhusu riba, twataka tuseme waziwazi. Riba ni haramu, wala hapana katika sisi awezaye kuibadilisha hukumu hiyo. Lakini kuijua riba ni mbali na kuila. Tabibu husoma habari za sumu zote, wala hatusemi kuwa tabibu ni mtu wa sumu. Na tarehe ya visiwa vyetu yatufundisha kwamba asiyeijua riba ndiye aingiaye ndani yake huku akidhani yu nje. Katika karne ya 19 wenye mashamba walikopa kwa wafanyabiashara kwa njia iliyoitwa bei khiyari. Mtu alimuuzia tajiri shamba lake kwa sharti ya kulikomboa kwa muda uliotajwa, kisha akalikodi shamba lile lile na kulilipia ijara kila mwaka. Katika karatasi ilikuwa ni bei na ijara. Katika mfuko wa mkulima ilikuwa ni deni linalozaa. Mashamba mengi ya mikarafuu yakafungwa katika madeni, hata mwaka 1934 serikali ya wakati huo ikatunga sheria ya kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisihamie mikononi mwa wadai wao. Laiti wangekuwapo wakati ule watu wetu wa kuwaeleza wakulima, kwa hesabu, maana ya karatasi walizokuwa wakizitia saini!

Sasa tuje katika karafuu zenyewe, maana humo ndimo mna jawabu ya wale waliouliza kama elimu hii ina manufaa.

Pemba haikuwa tangu awali kisiwa cha karafuu. Mabaharia wa zamani waliijua kwa mpunga wake, na Waarabu wakaiita Kisiwa cha Kijani. Mikarafuu ilipandwa kwanza kwa wingi Unguja, katika zama za Seyyid Said. Mwaka 1872 tufani kubwa ikaing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, karafuu zikaadimika, bei ikapanda, na watu wa Pemba wakapanda miti. Tangu siku hizo hata leo sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar, zaidi ya robo tatu, hutoka Pemba. Na tangu siku hizo pia chakula cha Mpemba kimefungamana na bei isiyowekwa Pemba.

Tutoe mfano wa miaka ya 1930. Mwaka 1927 iliundwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, ambayo wazee wetu wakiijua kwa herufi zake, CGA. Mwaka 1937 sheria ikaipa Jumuiya hiyo nguvu kubwa juu ya ununuzi wa karafuu kwa wakulima, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wameondolewa katika biashara yao. Wakaisusia. Huko India chama cha Congress kikawataka watu wasinunue karafuu za Zanzibar, na India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa kabisa. Mkulima wa Mtambwe au Kengeja, asiyepata kuiona Bombay hata kwa picha, akajikuta karafuu zake hazina soko kwa ugomvi wa watu wasiomjua. Mwaka 1938 pakapatikana suluhu, biashara ikarejea.

Sasa tazama jambo hili. Katika miaka hiyo hiyo ziliandikwa ripoti baada ya ripoti juu ya mali ya Zanzibar na karafuu zake. Sir Alan Pim aliandika yake mwaka 1932. Strickland akaandika juu ya vyama vya ushirika. Binder, mtu wa mahesabu kutoka London, akaandika juu ya biashara ya karafuu mwaka 1936. Sisi hatuwalaumu. Walitumwa kazi wakaifanya, na baadhi ya waliyoyaona yalikuwa kweli. Lakini hapana hata mmoja katika waandishi hao aliyepata kuanika karafuu za baba yake barazani, akazikimbilia mvua iliponyesha. Mpemba alikuwamo ndani ya ripoti kama mtu anayehesabiwa. Mwenye kuhesabu alikuwa mtu mwingine. (Tutaje kwa kupita kwamba marehemu Abdulrahman Babu, kabla ya kwenda London mwaka 1951, alikuwa mfanyakazi katika CGA hiyo hiyo. Hakwenda kusomea iktisadi, lakini baadaye alishika wizara za mambo hayo, na mwaka 1981 akatoa kitabu juu ya ujamaa na uchumi wa Afrika. Si lazima mtu akubaliane naye ili aone kuwa aliyaanza maswali yake penye hesabu za karafuu.)

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi, na wengi katika wasomaji wetu waliuona kwa macho. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku kutengenezwa sigara ziitwazo kretek. Wenyewe ndiko ulikoanzia mti huu, katika visiwa vya Maluku, lakini sigara zao zilikuwa zikitaka karafuu nyingi kuliko walizovuna. Katika miaka ya 1970 wakaanza kupanda mikarafuu kwa wingi, na mti huu hauzai mwaka wa kwanza wala wa pili. Basi palikuwa na muda wa miaka kadhaa ambao mtu mwenye elimu angeweza kukaa kitako, akahesabu miti iliyopandwa kule na mwaka itakapozaa, akatuambia: jihadharini, katikati ya miaka ya 1980 mnunuzi wenu hatawahitaji. Ikatokea kama hivyo. Bei ya dunia ikaporomoka, na kijiji kilichozoea kujenga kwa msimu kikashindwa hata kuezeka kwa msimu.

Hapa nyumbani nako kulikuwa na somo lake. Tangu 1968 karafuu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Kwa muda mrefu bei aliyopewa mkulima ilikuwa mbali sana na bei ya dunia, na matokeo yake kila mtu wa pwani ayajua: mashua za usiku kwenda Mombasa. Serikali ikaongeza walinzi, nazo mashua zikaongeza ujanja. Mwaka 2011 mkulima akapandishiwa bei mno, ikatangazwa kaida ya kumpa kiasi cha asilimia 80 ya bei ya soko la nje, na magendo yakapungua kuliko yalivyopata kupungua kwa bunduki. Hiyo nayo ni iktisadi, tena ya darasa la mwanzo kabisa. Lakini angalia ilichukua miaka mingapi kuisoma.

Kwa hiyo tunapoulizwa kama elimu hii ina manufaa kwa mtoto wa Pemba, sisi twauliza: yuko wapi mwenye haja nayo zaidi kuliko mtu wa kisiwa kinachoishi kwa zao moja?

Ili tusionekane twasema maneno matupu, tumtaje mtu mmoja wa kisiwa kama sisi. Katika bahari ya Karibi kiko kisiwa kiitwacho Saint Lucia, chenye kilomita za mraba 617, ilhali Pemba inakaribia 1,000. Huko alizaliwa mwaka 1915 Arthur Lewis, mtoto wa watu weusi waliopelekwa visiwa vile utumwani kulima miwa. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, mama akalea watoto watano wanaume peke yake. Lewis alimaliza skuli na miaka 14, akafanya kazi ya ukarani akingoja umri wa kufanya mtihani wa kupata msaada wa masomo. Alitaka kuwa injinia. Akatazama akaona si serikali wala makampuni ya wazungu yatakayomwajiri injinia mweusi, akaiacha. Akachagua biashara na uchumi katika chuo cha London School of Economics, na mwenyewe amesimulia kwamba wakati ule hapakuwa na mtu kisiwani kwao aliyejua uchumi ni kitu gani. Wazazi wa Pemba wasione haya, basi, kutuuliza!

Mtu huyu hakuliacha swali la kwao. Alitaka kujua kwa nini mkulima wa nchi za joto, hata akitoa jasho namna gani, mazao yake huuzwa rahisi, ilhali ya mkulima wa nchi za baridi hupata bei. Jawabu lake, tukilifupisha kwa Kiswahili cha shamba, ni kama hivi. Mchumaji hukubali ujira kwa kulinganisha na kile ambacho angekipata katika konde lake la chakula. Mkulima wa Australia hatakubali kufuga kondoo kwa pato dogo kuliko pato la shamba lake la ngano, na kwa kuwa ngano yake yatoa kwa wingi, sufi yake haiwezi kuuzwa bure. Lakini ambaye muhogo wake watoa kidogo, hukubali kidogo, na kila nchi yenye muhogo kama huo hushindana naye kukubali kidogo. Basi bei ya zao la kuuzwa ng'ambo huanzia katika shamba la chakula. Kwa ajili hiyo, alipotakiwa shauri juu ya viwanda vya Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, alijibu mwaka 1953 kwamba waanze kwa kuliinua shamba la chakula. Mwaka 1957 akawa mshauri wa serikali ya Nkrumah, akakataa kuidhinisha matumizi aliyoona hayana msingi, na mwisho wa 1958 akaondoka. Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Theodore Schultz.

Sisi hatujui maneno yanayomfaa zaidi Mpemba kuliko haya. Tumezoea kudhani kwamba ujira wa mchumaji hupangwa katika mkarafuu. Lewis atwambia tutazame kwanza bonde la mpunga na konde la muhogo. Hayo aliyafahamu kwa sababu alikwenda London na kisiwa chake kichwani.

Tuongeze mifano miwili ya Waislamu, kwa ajili ya mzee wetu aliyeshikilia neno la riba. Ahmad al-Najjar alikuwa Mmisri aliyesoma uchumi Ujerumani. Huko aliona mabenki madogo ya akiba yaliyokuwa yakiwakusanyia watu wa miji midogo fedha zao. Alipokuwa amerudi, mwaka 1963 akafungua benki ya akiba katika mji wa Mit Ghamr, katika mashamba ya Nile, kwa ajili ya wakulima ambao hawakupata kuingia mlango wa benki. Aliuchukua utaratibu wa Wajerumani akaitoa riba. Mwenye kuweka akiba hakupewa faida ya riba, bali alipata haki ya kukopeshwa bila ya riba akipata haja. Mwenye kuweka mtaji aligawiwa faida ya biashara au akabeba hasara yake. Na palikuwa na fungu la zaka kwa wenye shida. Siasa ya nchi haikuiacha ikae, na mwaka 1967 kazi yake ikakoma. Lakini mabenki ya Kiislamu yaliyoenea baadaye, hata kufika Kenya mwaka 2008 na Amana Bank ya Dar es Salaam mwaka 2011, huhesabiwa kuwa yalipitia katika njia ya mji ule mdogo.

Wa pili ni Ungku Aziz wa Malaya. Alisoma uchumi Singapore, na baadaye akapata udaktari wake katika chuo kikuu cha Waseda, Tokyo. Aliona jambo ambalo nasi tumeliona vijijini: mtu ataka kuhiji, huweka fedha zake chini ya mto, na zisipotosha huuza ng'ombe na shamba, arudipo kutoka Makka ni haji, lakini ni maskini. Mwaka 1959 akaandika shauri la kuanzisha mfuko ambao mwenye nia ya kuhiji ataweka kidogo kidogo, fedha zikafanya biashara ya halali. Mfuko ukaanza mwaka 1963, ndio uitwao Tabung Haji, nao upo mpaka leo.

Je, Pemba haina lake? Linalo. Mkulima mwenye shida huchukua fedha za mnunuzi kabla karafuu hazijafika kuchumwa, kwa bei aijuayo yule mwenye fedha. Sharia imetupa mlango wa salamu, yaani kununua mali itakayokabidhiwa baadaye: bei italipwa yote papo hapo, na kipimo, sifa na tarehe ya kukabidhi vitajwe bila ya shaka. Kutoka katika mlango huo mpaka kupata mkataba unaomfaa mkulima wa Ole au Konde, wenye bei ya haki na wenye kustahimili mwaka mbaya wa mavuno, pana kazi ya mtu aliyesoma fikihi na iktisadi pamoja. Kadhi peke yake hataimaliza, na mtu wa benki peke yake pia hataimaliza.

Sasa habari za safari yenyewe. Kabla ya 1998 visiwa vyetu havikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na mwenye kutaka elimu ya juu alikuwa hana budi kuvuka bahari. Leo pana Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, pana Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, chenye tawi hata Pemba, na pana Dar es Salaam. Shauri letu ni kwamba digrii ya kwanza isomwe hapa karibu, na ng'ambo kuachiwe digrii ya pili. Gharama ni ndogo, na kijana huvuka akiwa mtu mzima ajuaye anachokitafuta. Profesa Ibrahim Lipumba alianzia Dar es Salaam kabla ya kwenda Stanford, Marekani, alikopata udaktari wake mwaka 1983. Wenye kutaka mazingira ya Kiislamu wanacho chuo cha Mbale, Uganda, kilichofunguliwa 1988, na chuo cha kimataifa cha Malaysia kilichoanzishwa 1983, ambako iktisadi hufundishwa pamoja na elimu za dini. Khartoum, iliyowapokea vijana wetu wengi, iliingia vitani Aprili 2023, wanafunzi wa Kitanzania wakalazimika kurudishwa nyumbani masomo yakiwa katikati; mzazi hana budi kuuliza pia hali ya mji, si ada peke yake.

Jambo moja wazazi hawaambiwi mapema: uchumi wa siku hizi ni hesabu. Wengi hudhani ni elimu ya maneno. Kijana aliyesoma tahasusi ya HGE akaiacha hesabu kidato cha nne atataabika sana, na mwenzake wa EGM atampita. Mwenye mtoto aliye kidato cha tatu leo na amtazamie masomo haya, amhimize hesabu kuanzia sasa.

Na fedha? Kuuza mavuno ya msimu kwa ajili ya masomo twaliona jambo jema. Kuuza shamba hatulioni jema, kwani ndugu zake waliobaki nao wana haki ya kuishi. Mikopo ya serikali ipo, ya Bara na ya Zanzibar. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikiongezwa katika mikopo ya Bara kwa jina la kulinda thamani ya fedha, ambayo iliwatia Waislamu wengi shaka, iliondolewa mwaka 2021. Iko pia njia ya Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wake. Fedha hizo kwa mwanafunzi ni mkopo usio na riba, kwa jamii yake ni msaada, maana anapoanza kazi hulipa katika mfuko wa jamii ili asomeshwe mwingine. Mwanzoni ulielekezwa zaidi katika utabibu na uinjinia, kwa hiyo mwenye kutaka uchumi na aulize masharti ya mwaka wake.

Binti naye tumsahau? Hatuoni sababu. Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, alisoma stashahada ya uzamili ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Manchester kati ya 1992 na 1994, chuo kile kile ambacho Arthur Lewis alikuwa akifundisha alipoandika mwaka 1954 maandiko yaliyompatia jina. Mabinti wa Pemba hawapungukiwi hesabu, kwani aghalabu wao ndio wawekao mahesabu ya nyumba wakati wa msimu. Mambo ya maharimu na makazi yatazamwe kwa kila nyumba kwa hali yake.

Lililo zito kuliko ada ni kurudi. Wengi katika vijana waliokwenda Cairo, London na kwingineko mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 hawakurudi baada ya 1964, kwa sababu ambazo kila nyumba ya Pemba yazijua. Leo sababu ni nyingine: mshahara wa Muscat, wa Dubai, wa London. Hatutamlaumu kijana anayemlisha mama yake kwa fedha za huko. Lakini twaamini kwamba aliyekwenda na swali la kwao hurudi nalo, hata akikawia, na hata akikaa mbali hulifanyia kazi kutoka huko; aliyekwenda bila ya swali hupewa swali la watu wengine, akalijibu maisha yake yote.

Kwa hiyo kwa mzee wetu na wenzake twatoa shauri moja linaloweza kuanzwa msimu ujao, kabla ya pasi na viza. Mpe kijana daftari. Kila siku aandike: pishi zilizochumwa na kila mchumaji, ujira wa pishi siku hiyo, na kama ulipanda au kushuka mvua ilipokaribia. Aandike uzito wa karafuu mbichi na uzito wake zilipokauka, kwani kilo tatu hurudi kama moja, na kila ambapo haikurudi hivyo pana jambo la kuulizia. Aandike makonyo na mpeta mbali. Aandike daraja iliyotolewa kituoni, bei iliyolipwa, na siku ngapi fedha zilikawia. Ukurasa wa mwisho aandike nyumba ilikula nini miezi ile, muhogo wa shambani ulikuwa kiasi gani na mchele wa dukani kiasi gani. Baba asimsahihishie. Daftari la kurasa 100 latosha msimu mmoja, na nakala yake ibaki nyumbani, kwa mama.